Blenda Iliyoanguka Kwenye Lori

Mwaka wangu wa kwanza London nilikaa East Ham kwa Ami, mdogo wake baba, na nilichokikosa kuliko hata jua ni wali wa nazi. Nazi zenyewe zipo tele madukani. Mbuzi ya kukunia ndiyo sikuiona. Kwetu Tanga tulikuwa na mbuzi ya bibi, mguu mmoja umebabuka kwa moto wa jiko, mpaka siku ilipotoweka na viboko nikala mimi, eti nimeiuza.

Basi jirani yetu, mzee wa Kiingereza mwenye kofia bapa, akaniona nimebeba nazi mbili. Kesho yake akabisha na blenda mpya ndani ya boksi, pauni 10. Mbona bei ya bure? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'oneza: "Fell off the back of a lorry, mate."

Nilielewa neno kwa neno. Imeanguka kutoka nyuma ya lori. Hata hilo "lori" letu tumelitoa kwao! Na sisi tuliopita mlima Kitonga tunajua malori yanavyomwaga mzigo. Nikampa pole, nikamuuliza kama dereva yu mzima. Akanitazama kama mtu aliyesalimiwa na kuku, akapokea pauni zake, akaondoka.

Boksi nililikagua pande zote, halina hata mkwaruzo. Nikasema Wazungu wanajua kufunga mizigo.

Nikatia vipande vya nazi na maji kidogo. Ikanguruma mara mbili, ikakohoa, kisha moshi unaonuka mpira ukapanda hadi kwenye kile kidude cha darini kinachopiga kelele, kikapiga. Nikajua ni lile anguko tu, imeumia kwa ndani.

Asubuhi nikaipeleka kwenye duka ambalo jina lake lilikuwa kwenye boksi. Foleni watu kama tisa. Dada wa kaunta akataka risiti. Sina. Nikaona nisimfiche kitu, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye haki yake: dada, hii imeanguka nyuma ya lori ndiyo maana imeharibika, na huenda lori lenyewe ni lenu.

Foleni ikawa kimya. Halafu mama mmoja nyuma yangu akaanza kucheka kwa pua, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia isipokuwa mimi na yule dada.

Akaja meneja. Akasoma namba chini ya blenda, akaiandika, akaniuliza nina muda gani nchini. Miezi mitatu. Akavuta pumzi, akaniambia niende nyumbani. Nikamshukuru sana, nikamuuliza niifuate lini.

Ami alicheka hadi akakaa chini, kisha akakunja uso. Kupokea mali ya wizi, kwa sheria yao ya 1968, ni kifungo hadi miaka 14! Waingereza, akasema, kitu cha wizi hawakiiti cha wizi. Husema kimeanguka nyuma ya lori. Ni "hot", kinaunguza mkono. Ni "bent", kimepinda. Mwizi naye kwa watu wa London Mashariki ni "tea leaf", jani la chai, kwa sababu "leaf" ina kina kimoja na "thief". Mimi nililipenda "nick": ndiyo kuiba, ndiyo kukamatwa, na ndiyo kituo cha polisi, yaani safari nzima ya kibaka kwa neno moja.

Tena zamani, akaendelea, pale soko la Bermondsey ukinunua kwa nia njema kati ya mawio na machweo, mali ni yako hata kama imeibwa. Kanuni hiyo ikafutwa mwaka 1995. Nilipaswa kujiuliza Ami ameyajulia wapi yote haya.

Usiku akanionea huruma, mimi na nazi yangu moja iliyobaki. Akavuta sanduku uvunguni mwa kitanda, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kanga kuukuu. Mbuzi! Nikaikunjua niikalie. Mguu mmoja umebabuka.

"Ami, hii umeipata wapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Lori," akasema.