Mbavu bado zinahesabiwa kwa kidole

Wanafunzi wa utabibu hapa Zanzibar wana swali: eksirei ipo, altrasaundi ya kushikwa mkononi ipo, kuhesabu mbavu kwa kidole kwa nini tena? Swali lina haki yake. Kwenye mwili mnene mifupa haishikiki vizuri, chuchu ambayo wengi huifanya alama huhama baada ya kunyonyesha, na watabibu wawili waweza kuhitilafiana ubavu mzima juu ya kifua kimoja. Kwenye kutoa maji ya kifua niko pamoja nao: altrasaundi itangulie, sindano ifuate.

Ila kuna mashine inayokitegemea kidole kwa kila kitu, nayo ni ya kupima umeme wa moyo. Vibandiko viwili vya mwanzo vya kifuani hukaa nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. Cha nne hukaa nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kushoto. Mashine haijui nafasi hizo, inapokea tu ulipobandika. Viwili vile vikipanda nafasi moja au mbili, mchoro waweza kufanana na wa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo. Hapo mama wa Wete, Pemba, ambaye moyo wake hauna neno anapandishwa boti kwenda Unguja, nauli ya kukopa, watoto kaachiwa jirani. Linalonikosesha raha ni kwamba karatasi ile haisemi kibandiko kilikaa wapi. Anayeisoma spitali kubwa anaiamini.

Na kuipata nafasi si kazi ya mchana kutwa. Anza kwenye kishimo chini ya koo, telezesha kidole kushuka juu ya kidari kama sentimita 5, utagusa kituta cha mfupa. Ubavu ulioungana nacho ni wa pili, maana wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga. Chini yake ni nafasi ya pili. Endelea kushuka ukihesabu.

Wapo wanaotaja staha. Lakini kituta kiko juu zaidi, matiti hayajaanza, na vidole vya tabibu wa kike huhesabu chini ya kanga.

Mimi ningependa mwanafunzi aitie wino nafasi ya nne kwenye kifua cha mwenzake, kisha altrasaundi hiyo hiyo wanayoitaka imwonyeshe kama amepatia, kabla hajakabidhiwa vibandiko.