Gari limeegeshwa, betri inashuka: kamera za ulinzi zinastahili umeme wake?

Mtu anaegesha gari la umeme Ijumaa jioni betri ikiwa na 80%. Jumatatu asubuhi anakuta 55% hivi, na gari halijasogea hata hatua moja. Hakuna aliyeiba umeme. Umeliwa na kamera za ulinzi, ambazo aliziwasha mwenyewe.

Mfano unaojulikana zaidi ni Sentry Mode ya Tesla, iliyoanza Februari 2019. Kamera zilezile zinazomsaidia dereva barabarani hubaki zikitazama pande zote baada ya gari kufungwa. Mtu akiligusa au likigongwa, gari hurekodi video kwenye flashi na kutuma taarifa kwenye simu ya mwenyewe. Watengenezaji wengine nao wana mifumo ya aina hii, Rivian na BYD wakiwemo. Wanaoipenda wana hoja nzito, na wanaoilalamikia wana hesabu nzito vilevile.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayopuuzwa. Makadirio yaliyozoeleka kwa wamiliki wa Tesla ni kwamba ulinzi huo hula wati 250 hadi 300 mfululizo. Tuchukue 250. Kwa saa 24 hizo ni kilowati-saa 6, yaani 10% ya betri ya kilowati-saa 60, au takribani kilomita 40 za safari. Sasa mwache mmiliki asiyejali, anayewasha kamera usiku na mchana, nyumbani na kazini, mwaka mzima. Atatumia karibu kilowati-saa 2,190. Gari linalotumia kilowati-saa 15 kwa kila kilomita 100 lingekwenda zaidi ya kilomita 14,000 kwa umeme huo. Kwa madereva wengi huo ni mwendo wa mwaka mzima. Maana yake gari linaweza kula likiwa limesimama karibu sawa na linavyokula likitembea, na huo ni umeme uliolipiwa.

Mbona mwingi hivyo, ilhali kamera ndogo ya dashibodi inayouzwa dukani hutumia wati chache tu? Kamera zenyewe hazina kosa. Tatizo ni kwamba ili zitazame, lazima kompyuta kubwa ya gari iwe macho, ile iliyoundwa kuchambua barabara kwa mwendo wa kasi. Tesla ilipoitambulisha kompyuta yake mpya ya kujiendesha mwaka 2019, ilitaja matumizi ya wati 72 kwa kompyuta hiyo peke yake. Juu yake weka vifaa vinavyopunguza volti za betri kuu, pampu za kupooza, na mifumo mingine ambayo ingekuwa imezimwa. Ni kuamsha kaya nzima ili mtu mmoja achungulie dirishani. Gari hilohilo likiachwa lilale, mwongozo wa Tesla unakadiria lipoteze 1% tu ya betri kwa siku.

Watetezi hujibu kwamba umeme unarudishwa, mkwaruzo haurudi. Wana haki. Anayechaji nyumbani kila usiku hataona tofauti kubwa asubuhi, na bei ya kilowati-saa chache si kitu mbele ya gharama ya kupaka mlango rangi upya. Video inayoonyesha namba ya gari lililokugonga na kutoroka inaweza kumaliza ubishi na kampuni ya bima kwa dakika chache. Wapo pia wahuni wanaoacha shari yao wanapoona skrini ikiwaka ndani na kuwajulisha kwamba wanarekodiwa. Kwa anayelala gari likiwa kando ya barabara yenye watu wengi, kumwambia azime kamera ili aokoe betri ni kumfanyia mzaha.

Ila tusiipe kamera sifa isiyo yake. Inashuhudia, haizuii. Aliyefunika uso na kuvunja kioo kidogo cha nyuma ataondoka na begi, nawe utabaki na video safi ya mtu usiyemjua. Isitoshe, matukio mengi yanayorekodiwa ni wapita njia na madereva walioegesha jirani. Ndiyo maana mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi ililichunguza suala hili, na Februari 2023 ikaeleza kwamba Tesla imefanya mabadiliko: gari lianze kurekodi linapoguswa, badala ya kila mtu anapokaribia. Lililowasukuma ni faragha, lakini ni wazo ambalo wabunifu wa magari wangelifikia hata kwa kujali betri tu. Kihisi cha mtikisiko hakihitaji umeme wa maana. Kompyuta ingeweza kulala hadi iamshwe. Hasara yake ni kukosa sekunde za kabla ya tukio, na mara nyingi hizo ndizo zinazoonyesha nani alianza.

Kwangu, lawama kubwa ni ya watengenezaji. Mwaka 2024 Drew Baglino, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa uhandisi Tesla, alisema kampuni inafanyia kazi kupunguza matumizi ya Sentry Mode kwa karibu 40%. Habari njema, lakini ikiwa punguzo kubwa hivyo linawezekana kwenye magari yaliyokwisha kuuzwa, basi sehemu kubwa ya umeme huo haikuwa bei ya usalama. Ulikuwa uzembe wa muundo, na mteja ndiye aliyekuwa akiulipia.

Mmiliki naye ana la kufanya. Tesla huruhusu ulinzi huo ujizime wenyewe gari likiwa nyumbani, kazini au mahali pengine ulipopaweka kwenye orodha. Geti likifungwa, sioni sababu ya kuuacha ukiwaka. Kwenye maegesho ya umma kwa saa tatu, uwashe bila kuwaza. Utapoteza 1% au zaidi kidogo.

Kigumu ni safari ndefu, unapoliacha gari uwanja wa ndege kwa wiki mbili. Hapo ndipo watu hutamani ulinzi kuliko popote, na hapo ndipo hesabu inapowageuka. Ukianza na 80% na kupoteza 10% kwa siku, siku ya sita unafika 20%, na kwa Tesla hicho ndicho kiwango ambacho Sentry Mode hujizima. Siku nane zilizobaki gari halina mlinzi, na wewe unarudi kutafuta chaja kabla ya kutafuta njia ya nyumbani. Kama maegesho hayo hayana soketi ya kuchomeka gari, zima ulinzi huo tangu siku ya kwanza, na usiache kitu chochote kinachoonekana kwenye viti.