Tusiuchimbe Longonot kwa miguu yetu

Kiangazi cha Januari na Februari, wikendi ikifika, mabasi ya vyuo na vikundi vya kanisa kutoka Nakuru na Naivasha hupanga foleni kwenye lango la Longonot. Nafurahi sana kuyaona. Mlima unaoweza kuupanda na kushuka siku hiyo hiyo, bila kamba wala hema, ni neema kwa kaunti yetu. Kinachoniuma ni jinsi tunavyoumaliza.

Longonot ni volkano, na udongo wake ni majivu na vijiwe vyepesi. Chota konzi moja kando ya njia uone: unachuruzika kati ya vidole kama unga. Udongo wa aina hiyo hushikwa na nyasi na mizizi ya vichaka vya leleshwa, basi. Miguu ikishang'oa nyasi, mvua inapita papo hapo na kuchora mfereji. Mfereji unafika magotini, kwingine kiunoni. Nasi kwa kuogopa kuteleza humo tunahamia pembeni na kufungua njia mpya, ambayo nayo msimu ujao ni mfereji. Karibu na ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima, pale mlima unaposimama wima, utakuta njia mbili tatu zikienda sambamba, na vichaka vya katikati mizizi nje.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita tatu hivi. Kuuzunguka ukingo ni saba na ushei, na huko ndiko kiliko kilele, mita 2,776. Wengi huishia ukingoni: wanapiga picha na msitu ulio chini ndani ya kreta, kisha wanashuka mbio. Hizo mbio ndizo mbaya kuliko zote. Visigino vinalima, na kila kona inakatwa. Afadhali nguvu hizo wangezimalizia kwenye mzunguko, waione Naivasha kutoka juu.

Mlima huu ni hifadhi ya taifa tangu 1983 na tunalipa kiingilio, kwa hiyo tuna haki ya kudai njia za mkato zizibwe kwa miiba na maji ya mvua yakingwe yasifuate njia. Lakini askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawezi kumfuata kila mtu. Wewe unayeongoza kundi, acha kutangulia. Kaa nyuma kabisa wakati wa kushuka, ndipo utamwona anayekata kona na kumwita arudi.