Nani Anaangalia Pumzi ya Mgonjwa Aliyelazwa kwa Dawa?

Wataalamu wa usingizi wanapodai kwamba daktari anayempima mgonjwa tumbo kwa kamera asiwe huyohuyo anayesimamia dawa za kumlaza, wengi huona wanalinda ugali wao. Shutuma hiyo ilivuma Ulaya baada ya mwongozo wa mwaka 2010 kuruhusu propofoli, dawa ya sindano ya kumlaza mgonjwa, itolewe na wasio wa fani hiyo, na mwaka uliofuata vyama vya wataalamu wa usingizi vya nchi 21 vikatoa tamko la kupinga. Kwetu shutuma hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa shirikisho lao la dunia linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa usingizi kwa kila watu 100,000, ilhali Tanzania na Kenya hazijafikisha hata mmoja. Anayeweka sharti ambalo hospitali ya wilaya haiwezi kulitimiza lazima aeleze ana sababu gani, na sababu yao, kwa maoni yangu, husikilizwa nusu tu.

Dawa hizi hulegeza misuli ya koo, na ulimi pamoja na kaakaa laini hulalia nyuma na kuziba njia ya hewa. Kifua huendelea kucheza kwa muda, kwa hiyo aliyesimama mbali huridhika, ingawa akisogea angeona tumbo likipanda huku kifua kikibonyea, dalili kwamba mgonjwa anavuta hewa isiyopita. Kukoroma, ambako nyumbani ni ushahidi kwamba mtu kalala fofofo, hapa huonyesha kuwa njia imeanza kuziba, na mkoromo ukikatika ghafla asishangilie mtu kabla ya kuweka kiganja mbele ya pua ya mgonjwa. Mara nyingi tiba yake haigharimu kitu: kuinua kidevu, au kuweka vidole nyuma ya pembe za taya na kulisukuma mbele. Lakini inahitaji mikono isiyo na kazi nyingine. Mkono wa kushoto wa daktari uko kwenye magurudumu ya kamera na wa kulia unasukuma mpira, naye muuguzi msaidizi anashikilia kifaa cha mdomoni, anapokea kipande cha nyama na kutafuta chupa ya sampuli.

Jibu la kawaida ni kwamba oksimita ya kidoleni, kifaa kinachopima oksijeni katika damu, italia. Italia, ila kwa kuchelewa, na hesabu yake inafaa kufuatiliwa. Mwili uliopumzika hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Mtu mzima akishatoa pumzi ya kawaida, mapafuni hubaki takriban lita 2.5 za gesi. Ikiwa ni hewa ya kawaida, oksijeni iliyomo haifiki nusu lita, lakini akiwa ametangulia kupumua oksijeni tupu kwa barakoa, akiba hupita lita 2. Mtu huyo anaweza kukaa dakika kadhaa bila kuvuta pumzi hata moja huku kioo cha oksimita kikionyesha asilimia 98. Mpira wa kupitishia oksijeni puani hautoi akiba kubwa namna hiyo, lakini nao huficha upumuaji hafifu: mgonjwa anapumua nusu ya kawaida yake, hewa ya ukaa inajikusanya mwilini, na namba haitikisiki. Sisemi oksijeni inyimwe, la hasha. Nasema anayeitoa amejipunguzia king'ora chake mwenyewe. Kapnografu, mashine inayosoma hewa ya ukaa katika kila pumzi, huonyesha kasoro mara moja, na tangu 2011 chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kinaitaka hata kwa usingizi wa wastani, ule ambao mgonjwa bado huitikia akisemeshwa. Bei yake, hata hivyo, inaiweka mbali na vyumba vingi vya kamera.

Wanaopinga wana hoja ya kweli. Ketamini, dawa nyingine ya kulaza mgonjwa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, kwa kawaida haizimi pumzi wala kulegeza koo kama propofoli, na bila wasio mabingwa kuitoa watoto wengi wangenyooshwa mifupa huku wakipiga mayowe. Japo nayo huongeza mate, na koo la mtoto linaweza kujibana ghafla. Tena cheo peke yake si kinga. Mchekeshaji wa Marekani Joan Rivers alikufa Septemba 2014 baada ya kukosa oksijeni wakati wa uchunguzi wa koo na tumbo chini ya propofoli, na daktari wa usingizi alikuwepo chumbani. Wakaguzi wa serikali walikuta kwamba kuzorota kwake hakukutambuliwa kwa wakati.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya nilipunguze dai la wataalamu bila kulikataa. Anayeangalia pumzi anaweza kuwa muuguzi aliyefundishwa kuinua taya na kutumia mfuko wa kupulizia hewa, mradi asitumwe chupa wala fomu hadi mgonjwa aamke. Hilo litapunguza idadi ya wagonjwa wanaopimwa kwa siku, na foleni itarefuka. Siku ambayo mtu huyo hayupo, kamera ya tumbo inaweza kupitishwa kwa lidokaini, dawa ya ganzi, ya kupuliza kooni peke yake, mgonjwa akiwa macho na ameelezwa kwamba atatapatapa kidogo; kipimo cha dharura hakitazuiliwa, na hakuna atakayechomwa midazolamu, dawa ya kutuliza na kusinzisha, "kidogo tu" ambayo kwa mzee mwembamba hugeuka usingizi mzito.