Halua ngazini

Kuna mwandishi mmoja anatwambia vijana wa Zanzibar tukisafiri tutafute maarifa, ngano za bibi tuziache nyumbani. Hapo sikubaliani naye.

Nilipokwenda Hamburg kwa mafunzo ya kazi, wiki ya kwanza nikiingia kwenye treni natoa salamu behewa zima. Haitiki mtu! Kwetu Wete, Pemba, ukipita barazani kimya, kabla ya magharibi mama yako keshapata habari. Nikadhani wananichukia, kumbe ndiyo adabu yao, kila mtu aachiwe nafasi yake.

Kilichonifungulia mlango ni halua. Jirani, bi mkubwa mmoja, alinikuta ngazini na kikapu changu cha ukili, akauliza kuna nini. Nikamwonjesha. Kutoka kwenye halua tukafika kwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, mzaliwa wa Mtoni, aliyeondoka Unguja 1866 akaja kuishi mji huohuo wa Hamburg. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kijerumani, yakachapishwa 1886. Jirani yangu kazaliwa hapo hapo Hamburg na hajapata kumsikia Salme. Taa za ngazi zile hujizima zenyewe; zilizimika mara tatu, na mara zote yeye ndiye aliyeziwasha.

Asubuhi kanigongea. Hakuja kuomba halua (ingawa kikapu alikitupia jicho), alitaka kujua kama Salme aliwahi kurudi kwao. Nikamwambia alirudi 1885, na kaka yake, Sultani Barghash, akakataa kumpokea.

Akakaa kitako pale pale mlangoni.