Ukali Unatakiwa Siku ya Pendekezo, Si Siku ya Utetezi

Mtu akisema anasoma uzamivu, yaani PhD, wengi hudhani anasoma vitabu vingi kumshinda aliyesoma uzamili. Vitabu vipo, tena vingi, lakini shahada hii haitolewi kwa wingi wa kusoma. Hutolewa kwa kujibu swali moja ambalo bado halijajibiwa, kwa ushahidi ambao mtaalamu mwingine anaweza kuukagua. Jina lenyewe linatukumbusha kuzamia, na mzamiaji huzama mahali pamoja.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwanafunzi analeta mada: "Tatizo la sumukuvu kwenye mahindi Tanzania," yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Hilo si swali. Libane: je, wakulima wa wilaya ya Kiteto wakianika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, sumukuvu hupungua kwa kiasi gani baada ya miezi sita ghalani? Sasa inajulikana ni nani, wapi, nini kinalinganishwa na nini, na kwa muda gani.

Swali likikaa hivyo, lenyewe linakuelekeza kazi. Maturubai utayagawa kwa kura au kwa hiari? Ukiwaachia wachague, huenda wenye uwezo ndio watakaoyachukua, nawe hutajua kama kilichosaidia ni turubai au ghala zuri walilokuwa nalo tangu mwanzo. Halafu sumukuvu haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote. Ukichota konzi moja ya juu, itakudanganya. Bambo, kile chombo cha kuchoma gunia na kutoa punje za ndani, lazima lipite juu, katikati na chini, kwenye magunia kadhaa, na mahindi hayo yachanganywe na kusagwa pamoja kabla ya kupimwa.

Kwenye karatasi, masomo ya muda wote huhesabiwa miaka mitatu hivi. Wengi huipita, na mara nyingi kosa ni la kalenda. Barua ya chuo huenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani na halmashauri, ndipo ifike kata na kijiji. Ukitaka kupima pia damu au mkojo wa walaji, kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Barua ikichelewa mwezi mmoja tu, mahindi yameshaanuliwa na kuingizwa ghalani, na utangoja mwaka mzima ili uone mengine. Hesabu ya kuomba vibali ianzie siku ya mavuno, irudi nyuma.

Ndiyo maana naamini kabisa kuwa jopo linalopitisha pendekezo la utafiti lililo pana kwa kumwonea mwanafunzi huruma linamuumiza. Siku ile angerudishwa, angepoteza miezi miwili. Akipitishwa, atakuja kuambiwa kuwa hana swali mwaka wa nne, akiwa na kurasa mia tatu, ada imekwisha na familia inauliza atamaliza lini. Mtahini wa nje hakuwepo siku ya huruma. Anasoma kilichoandikwa, anatafuta swali, anatafuta jibu lake.

Utetezi wenyewe, yaani kuitetea kazi yako mbele ya watahini, watu huuogopa kupita kiasi. Ukifanya kazi yako mwenyewe, utajua kwa nini ulichagua wakulima 120 na si 40, na kwa nini kijiji kimoja kiliachwa. Matokeo ya kawaida ni kufaulu kwa sharti la masahihisho, na hakuna aibu hapo. Baadhi ya vyuo hudai pia makala zilizochapishwa kwenye majarida kabla ya mahafali; zianze kuandikwa mara takwimu zinapotoka.

Masahihisho yana utaratibu wake, na wengi huyaharibu kwa haraka. Chora jedwali: upande mmoja hoja ya mtahini kama alivyoiandika, wa pili ulichobadilisha, wa tatu ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu palepale, usiruke. Msimamizi naye asitie saini mpaka kila ukurasa uliotajwa aufungue na kuona badiliko lipo.