Chipu bila kiwanda

Mtwara na Lindi, ukitaja teknolojia kubwa mbele ya wakulima wa korosho, hukawii kukumbushwa viwanda vya kubangua vilivyojengwa kuanzia miaka ya 1970. Vingi vilinyamaza miaka mingi, vingine vikageuzwa maghala. Ndiyo maana hoja ya kufundisha vyuoni usanifu wa chipu za kompyuta, yaani vipande vidogo vya silikoni vyenye saketi za umeme, inapokewa kwa shaka. Shaka hiyo ni ya haki: tulitangulizwa majengo na mitambo, vikakosa wa kuviendesha.

Lakini kusanifu chipu si kuitengeneza. Kiwanda cha kisasa hugharimu mabilioni ya dola, na hakuna anayetuomba tukijenge Mikindani. Nvidia yenyewe, kampuni kubwa ya chipu ya Marekani, haina kiwanda cha chipu; husanifu, kisha kampuni ya TSMC ya Taiwan huitengenezea. Vyuoni njia hii ni ya zamani. Mwaka 1978 mhandisi Lynn Conway alifundisha usanifu huo chuo kikuu cha MIT, Marekani. Saketi za wanafunzi zikakusanywa pamoja, zikatengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja, na kila mmoja akapata chipu aliyoichora. Kugawana kipande kimoja cha silikoni ndiko kulikoshusha gharama. Leo ni rahisi zaidi: tangu 2020 vipimo na kanuni za kuchorea chipu kwa teknolojia ya nanomita 130 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) ya kiwanda cha SkyWater cha Marekani viko wazi kwa yeyote, na programu huria za kuchorea zipo. Kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia, pamoja na bodi ya FPGA, chipu inayopangika upya, ya kujaribia saketi kabla haijatumwa popote.

Pingamizi la ajira, kwamba mhitimu hatapata kazi ya kusanifu chipu huku, ndilo linalonisumbua. Kifaa cha kupima unyevu wa korosho ghalani hakihitaji chipu mpya; ya bei nafuu iliyokwisha tengenezwa inatosha. Mzazi aliyelipa ada kwa fedha za msimu siwezi kumwambia kwamba mwanawe atapata kazi hii Mtwara. Huenda akaondoka. Hata hivyo, kazi ya kusanifu hufanyika kwenye kompyuta, si lazima ihamie kiwanda kilipo. Tena hapo jirani Kenya, Nyeri, kuna kampuni ya chipu ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kwa hiyo si lazima tutazame Asia tu.

Kwa maoni yangu, somo hili lifundishwe, ila si kila chuo. Kichaguliwe kimoja au viwili, wapokee wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, vijana wa kusini wakiwamo, na fedha za kwanza ziende kwa wahadhiri kabla ya jengo lolote. Bajeti iwe na fungu la kupeleka michoro ya wanafunzi kiwandani kila mwaka. Programu ukiikosea unairekebisha jioni hiyohiyo. Chipu ikishatengenezwa na kosa lake, hairekebishiki, na mwanafunzi aliyeipokea mkononi ikiwa haifanyi kazi, akakaa wiki nzima akitafuta alipoteleza, amejifunza jambo ambalo ubao wa darasani hauwezi kumpa. Kama fungu hilo halipo, kozi isubiri.